VYOMBO VINAVYOMSAIDIA MWONGOZA NDEGE



Magari mawili yakikutana kwenye barabara nyembamba, madereva hupunguza mwendo, hata husimama. Lakini ndege kubwa ya abiria haiwezi kusimama angani. Inakwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Marubani wakingoja waonane kwa macho, huenda wamekwisha kuchelewa.

Basi nani anazitenganisha? Ni mwongoza ndege. Yeye yuko huku chini. Huwaambia marubani kwa redio wapite wapi na waruke juu kiasi gani. Katika somo hili tutaona vyombo vinavyomsaidia kuamua, na kwa nini vyombo peke yake havitoshi.

1. Karatasi na rada

Zamani kila ndege iliandikiwa kijikaratasi chake: jina la safari, urefu wake kutoka chini na saa ya kupita kila kituo. Mwongoza ndege alivipanga vijikaratasi hivyo ubaoni, halafu picha ya anga akaichora kichwani mwake mwenyewe.

Tarehe 30 Juni 1956, huko Marekani, ndege mbili za abiria ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon. Watu wote 128 walikufa. Hapakuwa na rada ya kuziona. Baada ya msiba huo serikali ilitoa fedha nyingi kununua rada. Rada hupeleka mawimbi angani. Mawimbi yakigonga ndege hurudi, na ndege huonekana kwenye kioo kama alama.

2. Kompyuta

Siku hizi, kando ya kila alama kwenye kioo, kompyuta huandika jina la safari, urefu na mwendo wa ndege. Tena hupiga hesabu: ndege hizi zikiendelea hivi, zitakuwa wapi baada ya dakika mbili?

Kwa kawaida, katika njia kuu za anga zenye rada, ndege mbili huachana futi 1,000 kwa kwenda juu, yaani mita 300 hivi. Kama sivyo, huachana kilomita 9 hivi kwa upande. Kompyuta ikiona nafasi hiyo itapungua, humwonya mwongoza ndege. Alama hubadilika rangi au huwakawaka.

Ndani ya ndege kubwa pia kuna chombo cha kuonya. Vyombo vya ndege mbili huwasiliana vyenyewe. Kimoja humwambia rubani wake, "Panda!" Kingine husema, "Shuka!"

3. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002

Usiku huo ndege mbili zilikuwa zinakaribiana karibu na mji wa Überlingen, Ujerumani. Ziliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Mwongoza ndege alikuwa peke yake, mwenzake amekwenda kupumzika, naye anahudumia meza mbili. Mafundi walikuwa wanatengeneza mitambo, kwa hiyo onyo la kwenye kioo halikufanya kazi. Simu kubwa nazo zilikuwa zimekatwa. Waongoza ndege wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari, wakapiga simu, wasimpate.

Alipogundua, zilibaki sekunde chache tu. Aliiambia ndege ya Urusi ishuke. Mara chombo cha ndege hiyo kikasema, "Panda!" Rubani amtii nani? Wakamtii mtu, wakashuka. Ndege ya pili, iliyobeba mizigo, ilitii chombo chake. Nayo ikashuka. Zikagongana. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto.

4. Tunajifunza nini?

Kwanza, chombo kizuri hakifuti haja ya watu wa kutosha kazini. Macho mawili hayawezi kutazama meza mbili. Pili, chombo kikifungwa kwa matengenezo, mtumiaji aelezwe waziwazi ni msaada gani ameukosa. Tatu, watu wakubaliane mapema sauti ipi itafuatwa. Baada ya ajali ile kanuni za dunia ziliwekwa wazi: chombo cha ndani ya ndege kikisema panda au shuka, rubani akifuate, hata kama mwongoza ndege amesema vingine.

Kompyuta hupiga hesabu upesi kuliko sisi. Lakini kupanga zamu, kuulizana na kuelewana ni kazi yetu watu.

MASWALI

1. Kwa nini rubani hawezi kutegemea macho yake tu?
2. Kompyuta humwonya mwongoza ndege kwa njia gani?
3. Taja mambo matatu yaliyokosekana Zurich usiku ule.
4. Jadilianeni: je, kijijini kwenu kuna kazi ya hatari inayoachiwa mtu mmoja? Mtaisaidiaje?