SOMO LA KIKUNDI: Kabla ya Kununua Jina la Hoteli



Mwaka jana nilitembelea kikundi cha akina mama ishirini ambao wameweka akiba kidogo kidogo kwa miaka sita. Walitaka kufungua hoteli karibu na steji. Walinionyesha karatasi zenye picha za rangi walizoletewa na bwana mmoja kutoka mjini. Alikuwa amewaambia, "Leteni Sh 300,000 mtumie jina letu. Jina linajulikana, wateja watakuja wenyewe." Mweka hazina akaniuliza, "Mwalimu, tutie sahihi ama tungoje?"

Sikumjibu papo hapo. Tuliketi chini, tukafungua daftari, tukapiga hesabu. Somo la leo ni hesabu hiyo.

1. Biashara ya kukodi jina

Biashara ya namna hii huitwa franchaizi. Hoteli ni yenu na pesa ni zenu, lakini jina, mapishi na masharti ni ya mtu mwingine. Ninyi mnamlipa ili mvitumie.

Si jambo geni. Mwaka 1952 huko Marekani, mzee Harland Sanders alimruhusu mwenye hoteli mmoja wa jimbo la Utah kuuza kuku kwa mapishi yake. Malipo yake yalikuwa senti chache kwa kila kuku aliyeuzwa. Huo ndio mwanzo wa KFC, ambayo ilifungua hoteli yake ya kwanza Nairobi mwaka 2011.

Angalieni vizuri: Sanders alilipwa kwa kila kuku aliyeuzwa. Mwenye hoteli apate faida, asipate, mzee alipata senti zake. Mpaka leo mikataba mingi iko hivyo. Ada hukatwa kwenye mauzo, haikatwi kwenye faida. Hapo ndipo vikundi vingi vinaweza kuumia.

2. Tupige hesabu pamoja

Karatasi za yule bwana zilidai asilimia 6 ya mauzo kila mwezi, na asilimia 2 zaidi ya matangazo. Tuseme hoteli inauza Sh 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hayo ni mauzo ya Sh 260,000.

Matumizi ya mwezi:
- Vyakula: Sh 117,000
- Mishahara ya watu wanne: Sh 52,000
- Kodi ya nyumba: Sh 20,000
- Gesi, makaa, stima na maji: Sh 25,000
- Leseni, sabuni, usafiri na vyombo vinavyovunjika: Sh 14,000
Jumla: Sh 228,000

Inabaki faida ya Sh 32,000. Sasa toeni ada ya mwenye jina, asilimia 8 ya Sh 260,000, yaani Sh 20,800. Kinachobaki ni Sh 11,200. Asilimia nane ilionekana kidogo, kumbe imemeza karibu thuluthi mbili ya faida! Na kurudisha zile Sh 300,000 za kwanza kutachukua miezi 27, bila kuhesabu meza, sufuria na jiko.

Sasa fikirieni Januari, wazazi wanapolipa karo na hakuna mtu wa kula nje. Mauzo yakishuka hadi Sh 7,500 kwa siku, mwezi unaleta Sh 195,000. Chakula kitapungua hadi Sh 87,750, lakini kodi na mishahara havipungui. Mtapata hasara ya Sh 3,750. Hata hivyo mwenye jina atataka Sh 15,600 zake. Hasara inakuwa Sh 19,350, na pesa hizo zitatoka kwenye akiba ya wanachama.

3. Viazi vya nani?

Masharti mengine yanahusu mahali pa kununua vitu. Mwanzoni mwa Januari 2022, KFC hapa Kenya iliishiwa na chipsi kwa sababu viazi vyake vililetwa kutoka nje na meli zilichelewa. Wakenya walikasirika, maana viazi vya Nyandarua vilikuwa tele sokoni. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake lazima wakubaliwe kwanza kwa viwango vyake vya ubora, kisha ikasema itaanza kutafuta wakulima wa hapa.

Kwa hivyo, kama wanachama wenu wanalima sukuma na kufuga kuku wakitumaini kuuzia hoteli ya kikundi, someni kwanza mkataba unasema mnunue wapi.

4. Mambo ya kuchunguza

Sisemi kila franchaizi ni mbaya. Jina zuri huleta wateja, na mafunzo ya jikoni yana faida yake. Lakini Kenya haina sheria maalum ya biashara hii. Ngao yenu ni mkataba wenyewe. Kwa hivyo:

- Ulizeni kama jina limesajiliwa na KIPI, ofisi ya serikali ya alama za biashara. Msinunue jina ambalo hata muuzaji si lake.
- Tembeleeni hoteli mbili zinazotumia jina hilo, bila muuzaji kuwapeleka. Ongeeni na wenyewe.
- Je, anaweza kumpa mtu mwingine jina hilo hilo katika soko lenu?
- Mkataba ni wa miaka mingapi, na mkitaka kutoka mtalipa nini?
- Nani atatia sahihi? Deni likija, litamwangukia nani?
- Mpelekeeni wakili mkataba kabla ya sahihi. Ada yake ni ndogo kuliko hasara.

5. Kikundi kiliamua nini?

Akina mama walimwomba yule bwana mambo mawili: asifungue hoteli nyingine katika soko lao, na ada isianze mpaka mwezi wa saba. Akasema karatasi hazibadilishwi. Wakamrudishia.

Walikodi chumba kidogo, wanauza chai, chapati na githeri kwa jina lao wenyewe. Faida bado ni ndogo, na kuna wanachama wawili wanaonung'unika kwamba bahati ilipotea. Lakini kila jioni mauzo huandikwa, ya pesa taslimu na ya M-Pesa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku wakitaka kukodi jina la mtu, watajua wanauza ngapi na wanaweza kulipa ngapi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika soko letu, hoteli inauza ngapi siku ya soko, na siku ya kawaida?
2. Rudieni hesabu ya juu kwa bei za kwetu. Baada ya ada, kila mwanachama anapata nini?
3. Wale wawili wanaonung'unika, mngewajibu vipi?