Perege wa Magadi, Samaki Mdogo wa Ziwa Nakuru

Watu waendao Ziwa Nakuru hutazama ndege, lakini ni wachache waulizao ndege wale hula nini. Heroe hula mwani mdogo mno uliomo majini. Mwari, mnandi na furukombe hula samaki. Na zamani ziwa hili halikuwa na samaki hata mmoja, kwa kuwa maji yake yalikuwa na magadi makali.

Samaki aliyegeuza mambo ni perege wa Magadi. Kwao ni Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ambako hukaa katika maji ya chemchemi za moto kandokando ya ziwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliletwa Nakuru ili ale viluwiluwi vya mbu.

Huko kwao mara nyingi urefu wake hauzidi sentimita 10, lakini ustahimilivu wake ni wa ajabu. Aweza kuishi katika maji yenye joto la kadiri ya digrii 40. Usiku, hewa ipunguapo majini, hupanda juu akaimeza. Tena liko jambo kubwa zaidi. Samaki wengi hutoa taka ya mwili iitwayo amonia kwa njia ya matamvua. Katika maji ya magadi makali taka hiyo haitoki vyema, nayo ikibaki mwilini ni sumu. Perege huyu huigeuza kuwa yurea, ile ile iliyomo katika mkojo wa binadamu, kisha huitoa pasipo kudhurika.

Wakati wa kuzaa, dume huchimba kishimo chini ya maji na kukilinda, akiwafukuza madume wengine. Jike hutaga humo, kisha huyatwaa mayai kinywani mwake na kuyatunza mpaka yaanguliwe.

Perege walipoongezeka Nakuru, ndege walao samaki walifika kwa wingi. Mwari waliotaga katika visiwa vya Ziwa Elmenteita waliruka mpaka Nakuru kuvua chakula cha makinda yao. Hivyo samaki aliyeletwa kwa ajili ya mbu akawa mlishaji wa ndege.

Lakini yafaa wakaao Nakuru wakumbuke neno moja. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia ziwani, wala hakuna mto utokao. Tangu mwaka 2010 hivi maji yameongezeka sana na makali ya magadi yamepungua. Hata hivyo taka za viwanda na za majumba zikiingia hazina pa kutokea. Huingia katika mwani, katika samaki, katika ndege, na katika mtu alaye samaki huyo. Perege amejaliwa njia ya kuyashinda magadi. Taka za mji hakujaliwa kuzishinda. Kazi hiyo ni ya binadamu, nayo huanzia kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba yake.