Gari Lenye Homa za Vipindi: Tupime Kabla ya Kununua Spea

Kuna ubovu wa gari unaofanana na homa za vipindi. Asubuhi gari linakataa kuwaka. Likiwaka linatoa moshi mweusi na kunywa petroli kama maji. Mkifika kwa fundi, linanguruma vizuri kabisa! Fundi anabahatisha. Anabadili plagi, anabadili pampu, anabadili betri. Fedha za kikundi zinakwisha, na baada ya siku tatu ubovu umerudi palepale.

Leo tutajifunza ubovu mmoja wa namna hiyo, yaani ubovu wa sensa ya joto la maji ya injini. Si lazima sote tuwe mafundi. Lakini kikundi chenye gari la kupeleka mazao mnadani, au mgonjwa hospitali, lazima kijue namna ya kumsaidia fundi aupate ukweli.

SENSA HII NI NINI?

Tusiichanganye na ile sensa ya kuhesabu watu. Hiki ni kifaa kidogo kama kidole gumba. Kimefungwa kwenye injini, na ncha yake imo ndani ya maji. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari maji yana joto kiasi gani. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli. Injini ikipata moto, hupunguza. Katika magari mengi hata feni hufuata habari hiyo. Basi sensa ikidanganya, kompyuta nayo inakosea.

Inafanyaje kazi? Ikiwa baridi huzuia umeme sana, ikipata moto huzuia kidogo. Kipimo cha kuzuia umeme huitwa omu. Katika magari mengi ya Toyota ya petroli, sensa nzima kwenye joto la digrii 20 hupima kati ya omu 2,000 na 3,000. Kwenye digrii 80 hushuka mpaka kati ya omu 200 na 400. Kwa gari la aina nyingine, fundi aangalie kitabu chake.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA MAJI

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji yakipungua, ncha ya sensa hubaki kwenye hewa na haiwezi kusema kweli. Jaza maji, kisha tafuta yanapovujia.

HATUA YA PILI: ANDIKA

Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapotulipa. Dereva awe na daftari ndani ya gari. Kila ubovu unapotokea, aandike siku, saa, injini ilikuwa baridi au moto, njia ilikuwaje, na geji ilionyesha nini. Kwa mfano:

Jumatatu, saa 12 asubuhi. Injini baridi. Liliwaka vizuri.
Jumatatu, saa 4. Njia ya makorongo. Geji ilianguka chini ghafla, ikapanda tena.
Jumatano, saa 5. Makorongo yaleyale. Geji ilianguka tena, gari likakosa nguvu.

Tufikiri pamoja. Sufuria ya maji ya moto ukiiepua jikoni, inapoa kwa kufumba na kufumbua? Haipoi. Basi na maji ya injini hayawezi kupoa ghafla namna ile. Kilichokatika ni habari. Na kwa kuwa inakatika gari likitikisika, tuanze kushuku waya.

Lakini kama daftari linaonyesha ubovu unakuja kila injini ikishapata moto, hata gari likiwa limesimama, sensa yenyewe inashukiwa zaidi.

Kumbuka pia kwamba magari mengi ya zamani yana sensa mbili, moja ya geji na nyingine ya kompyuta. Geji inaweza kuwa sawa huku kompyuta inadanganywa.

HATUA YA TATU: KAGUA WAYA

Zima injini, ipoe. Chomoa soketi ya waya kwenye sensa. Je, kuna kutu, maji, au pini iliyolegea? Fuata waya uone kama umechunwa au umeungua. Kisha rudisha soketi na uwashe injini. Fundi atikise waya polepole, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda. Ubovu ukitokea, mwizi amekamatwa.

HATUA YA NNE: PIMA SENSA

Fundi aifungue injini ikiwa baridi, aitumbukize ncha yake kwenye maji, ayapashe moto taratibu na kupima omu. Namba zishuke polepole bila kurukaruka. Zikiruka, sensa ni mbovu. Sasa nunueni.

Fundi mwenye mashine ya kusoma makosa anaweza kukuta namba P0119. Maana yake mawasiliano ya sensa hii yanakatikakatika. Namba hiyo haisemi "nunua sensa." Inasema tafuta katika njia hii, kwenye sensa, soketi na waya. Mashine ikionyesha digrii 40 chini ya sifuri wakati ninyi mnatoka jasho, mara nyingi waya umekatika au soketi imeachia.

ONYO

Geji ikipanda kwenye nyekundu, usiseme, "Aa, hii ni sensa tu." Simama, zima injini, ngoja. Injini iliyochemka kweli hupinda silinda hedi, na gharama yake ni kubwa kuliko sensa nyingi. Tena usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yake huruka na kuunguza uso na macho.

Zahanati hawakupi dawa ya malaria kabla ya kukupima damu. Na gari tulipime kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini geji ikianguka ghafla tunashuku waya?
2. Dereva aandike mambo gani katika daftari?
3. Je, kikundi chenu kilishawahi kununua spea bila kupima? Ilikuwaje?