Thomas Muir na Kitabu cha Kinyozi

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza. Wakati wa kisa hiki watu wa nchi hizo mbili walikuwa na Bunge moja, lililokaa London. Mwaka 1790 Uskoti ilikuwa na watu zaidi ya milioni moja, lakini wenye haki ya kupiga kura hawakufika 5,000. Mfuma nguo na fundi viatu walilipa kodi. Hawakuulizwa neno.

Thomas Muir alizaliwa mjini Glasgow mwaka 1765. Baba yake alikuwa mwenye duka. Thomas alisoma mpaka akawa wakili. Mwaka 1792 yeye na wenzake walianzisha vyama vya kudai kwamba Bunge lichaguliwe na watu wengi zaidi. Walikutana, wakazungumza, wakasoma pamoja.

Serikali iliogopa, maana mwaka ule ule Wafaransa walikuwa wamempindua mfalme wao. Muir alikamatwa Januari 1793, akaachiliwa kwa dhamana. Akaenda Ufaransa kuwasihi wasimwue mfalme. Alichelewa. Kisha vita vikaanza kati ya Uingereza na Ufaransa, naye hakuweza kurudi siku ya kesi. Aliporudi mwenyewe, alikamatwa tena.

Kesi ilisikilizwa mjini Edinburgh, tarehe 30 na 31 Agosti, 1793. Shtaka lilikuwa uchochezi, yaani kuwatia watu chuki juu ya serikali. Na ushahidi? Vitabu. Anne Fisher, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwao, alisema kwamba Muir aliwasifia wateja wa baba yake kitabu cha Thomas Paine juu ya haki za binadamu. Tena alimshauri kinyozi mmoja akinunue na kukiweka dukani kwake, maana ni mahali pazuri pa kusomea. Muir hakumwuliza shahidi huyo hata swali moja.

Mimi naona kiini cha kesi ni hapo. Bwana mkubwa akisoma kitabu kile chumbani mwake, nani angejali? Kosa lilikuwa kumpa kinyozi.

Watu 15 waliwekwa kuamua kama ana hatia. Muir alilalamika kwamba wengine ni wa chama kinachompinga. Majaji hawakukubali. Jaji Braxfield aliwaambia watu hao kwamba wenye ardhi peke yao ndio wanaostahili kuwa na wajumbe Bungeni. Muir alijitetea kwa saa tatu hivi. Alihukumiwa kupelekwa ng'ambo miaka 14.

Alifika Australia mwaka 1794. Mwaka 1796 alitoroka kwa meli ya Wamarekani. Mwaka 1797, karibu na Hispania, meli nyingine aliyopanda ilishambuliwa na Waingereza, naye akapoteza jicho. Alifia Ufaransa Januari 1799, akiwa na miaka 33.

Mwaka 1832 sheria ilibadilishwa, na wapiga kura wa Uskoti wakazidi 60,000. Mwaka 1844 ulianza kujengwa mnara mrefu wa mawe mjini Edinburgh. Jina la Muir limeandikwa hapo pamoja na majina ya wenzake wanne.

Maswali
1. Anne Fisher aliiambia mahakama nini?
2. Kwa nini Muir aliwakataa baadhi ya wale watu 15?
3. Kijijini kwenu, watu husomea wapi magazeti na vitabu?