Dondoo muhimu: Masika yanakuja, kaa na mwanao mzungumze

Usimwambie mtoto "usicheze na maji" ukaishia hapo. Mwonyeshe. Mvua ikikatika, nendeni kwenye dimbwi la tope, mpe fimbo aitumbukize. Ncha haionekani tena. Mwambie hivyo ndivyo mtaro usio na mfuniko unavyojificha. Maji yaendayo kasi, hata yenye kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, sembuse mtoto wa darasa la pili aliyebeba begi.

Kwa mnaoishi Dar es Salaam kandokando ya Mto Msimbazi: mto huo unaanzia kwenye vilima vya Pugu. Mtoto aelewe kwamba mvua ikinyesha huko juu, maji yanaweza kufika huku chini, bondeni Jangwani, wakati kwenu jua linawaka.

Mvua ikimkuta shuleni, abaki shuleni mpaka mtu mzima mnayemwamini amfuate, hata kama wenzake wanavuka maji. Kubalianeni mapema ni nani atakayekwenda, na akariri namba yako ya simu.

Radi ikipiga, aingie ndani ya nyumba. Chini ya mwembe si mahali pa kujikinga. Waya wa umeme ukianguka, akae mbali na awaite wakubwa. Namba ya Zimamoto nchini Tanzania ni 114.

Maji ya mafuriko huchanganyika na ya vyooni. Akiyakanyaga, mwoshe kwa sabuni.

Na usiku, mvua ikilindima juu ya bati, msogeze karibu yako. Hofu yake ni ya kweli, usiicheke.