Dondoo Muhimu: Mwanafunzi Anaposafiri Peke Yake Kutoka Ujerumani

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayesoma Ujerumani na mwenye kibali halali cha ukaazi, yaani kadi inayomruhusu kuishi nchini humo kwa muda wa masomo, anaweza kuzitembelea nchi nyingine za eneo la Schengen, ambalo ni kundi la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida katika mipaka baina yao, bila kuomba viza nyingine, alimradi asizidishe siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Pasipoti na kadi hiyo sharti ziwe mkononi, wala si picha zake kwenye simu, kwa kuwa polisi huweza kupanda treni mpakani na kuzidai. Kosa kubwa ni kudhani kwamba Ulaya yote ni moja: Uingereza na Ireland haziko Schengen, na viza zake huombwa mapema.

Ndani ya Ujerumani, tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket hutumika katika treni za mikoa na mabasi ya mjini, lakini si katika treni za kasi za ICE. Nchini Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa hugongwa muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya safari, jambo ambalo mgeni hulisahau kwa urahisi, na faini yake huuma.

Kwa kuwa msafiri huyu hana mwenzake wa kumwazima nauli, pesa taslimu na kadi ya benki zisikae mfuko mmoja. Namba ya dharura katika nchi zote za Umoja wa Ulaya ni 112, na kuipiga hakulipiwi.