SOMO LA BIASHARA: KUMCHAGUA MTENGENEZAJI WA MAGAUNI YA HARUSI

Somo hili limekusudiwa vyama vya ushirika vyenye maduka ya kuuza au kukodisha magauni ya harusi, pamoja na vile vinavyofikiria kuanzisha biashara hiyo. Inafaa Katibu alisome mbele ya Bodi, kisha lijadiliwe na wanachama.

Utangulizi

Bidhaa nyingi za dukani zaweza kusubiriwa. Sukari ikichelewa leo, mnunuzi atarudi kesho. Bati likikosekana, paa litaezekwa wiki ijayo. Gauni la harusi halina kesho. Siku imekwisha kutangazwa, kadi zimegawiwa, michango imekusanywa, na wageni wako njiani kutoka mikoani.

Ifikiriwe hali hii. Akina mama arobaini wamechanga hisa na kufungua duka la kukodisha magauni. Bodi imeagiza magauni kumi kwa mtengenezaji mwenye bei ndogo kuliko wenzake, na kumlipa fedha zote siku hiyo hiyo kwa kuwa aliahidi kupunguza bei. Magauni yanafika Alhamisi. Harusi ya kwanza ni Jumamosi. Yanapofunguliwa, kitambaa si kile kilichoonekana pichani, zipu ya gauni moja haifungi, na mawili yana kiuno chembamba kuliko vipimo. Hakuna mkataba, hakuna sampuli, na fedha zimekwisha kutoka. Bi harusi analia, mama yake anadai, na wanachama wanauliza hisa zao ziko wapi.

Lawama hapo si ya mtengenezaji peke yake. Kosa lilianza siku ya kuchagua.

1. Chama kijue kwanza kinachohitaji

Kabla ya kumwendea mtengenezaji yeyote, Katibu aandike katika daftari: je, magauni ni ya kuuzwa au ya kukodishwa? Gauni la kuuzwa humfaa mtu mmoja mara moja. Gauni la kukodishwa litavaliwa na wengi, litafuliwa mara nyingi, na litapunguzwa na kuongezwa kiuno. Kwa hiyo lahitaji mambo matatu ambayo gauni la kuuzwa laweza kuyakosa: mgongo wa kufungwa kwa kamba badala ya zipu, ili liwakae wenye maumbo mbalimbali, akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, isiyopungua sentimita 2.5 kila upande, ili liweze kuongezwa. Na shanga zilizoshonwa kwa uzi, si zilizobandikwa kwa gundi, kwani gundi huachia katika kufuliwa.

Msimu nao uangaliwe. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na Waislamu wengi hawafanyi harusi katika mwezi wa Ramadhani. Mwaka 2025 vipindi hivyo viliangukiana: Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi. Duka lililoingiza magauni mapya wakati huo lilifungia fedha zake kabatini. Desemba, kinyume chake, ni mwezi wa harusi nyingi, na maandalizi yake hayaanzi Novemba.

2. Mtengenezaji wa karibu au wa mbali

Mtengenezaji wa karibu, awe fundi mwenye vyerehani vichache au kikundi cha ushonaji, ana faida moja kubwa: gauni lenye kasoro laweza kurudishwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Vyama vinaweza kuuliza habari za mafundi katika ofisi za mikoa za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, au katika vyuo vya VETA vinavyofundisha ushonaji. Chama cha ushonaji kikiwapo katika wilaya, kifikiriwe kwanza, lakini kipimwe kwa kipimo kile kile cha wengine. Udugu wa ushirika si ruhusa ya kushona vibaya.

Viwanda vya mbali, hasa vya China katika miji ya Suzhou, Chaozhou na Guangzhou, hutoa magauni kwa wingi na mitindo ya kila namna. Lakini bei ya kiwandani si bei ya dukani. Iongezwe nauli ya mzigo, bima, ushuru wa forodha, kodi, na gharama za wakala, ndipo ilinganishwe na bei ya fundi wa karibu. Ikumbukwe pia kwamba viwanda vya China hufungwa kwa wiki kadhaa wakati wa mwaka mpya wao, ambao huangukia Januari au Februari. Oda iliyopelekwa wakati huo hulala.

Vipimo navyo hupoteza wengi. Mafundi wengi wa nyumbani hutumia inchi. Viwanda vya China hutumia sentimita. Kifua cha inchi 36 ni sentimita 91.4. Namba za saizi nazo hutofautiana: saizi 12 ya Uingereza hukaribia saizi 8 ya Marekani. Kwa hiyo chama kisiagize kwa namba ya saizi pekee. Kipeleke vipimo vya kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hadi chini, vikiwa vimeandikwa kipimo gani kimetumika.

3. Kumpima mtengenezaji

Bodi iteue wajumbe wawili au watatu, mmoja wao awe mjuzi wa kushona, wawatembelee watengenezaji wasiopungua watatu. Wasitazame gauni lililotundikwa mbele tu. Waligeuze nje ndani. Mishono iliyonyooka, pindo lililopigwa vizuri na bitana isiyokwaruza ngozi ndivyo vinavyoonyesha mkono wa fundi.

Kitambaa kijaribiwe. Kipande kidogo kikichomwa kwa kiberiti mahali salama, poliesta huyeyuka na kuacha kitonge kigumu. Hariri halisi hunuka kama nywele zinazoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba huungua kama karatasi. Satini ya poliesta si dhambi, na magauni mengi hushonwa kwa hiyo. Dhambi ni kulipia hariri na kupewa poliesta.

Tena waulizwe wateja wake wa zamani, wala si juu ya uzuri wa kazi pekee. Waulizwe: alileta siku aliyoahidi? Kasoro ilipotokea, alirekebisha au alikimbia?

4. Bei ndogo yaweza kuwa ghali

Mfano wa hesabu: gauni la kwanza linagharimu Sh. 300,000 na linachakaa baada ya kukodishwa mara 6. Kila ukodishaji umekula Sh. 50,000 ya bei ya gauni. Gauni la pili linagharimu Sh. 480,000 lakini linadumu mara 16. Kila ukodishaji umekula Sh. 30,000. Gauni lililoonekana ghali ndilo rahisi. Katibu afungue kadi kwa kila gauni, aandike tarehe ya kila ukodishaji, ufuaji na matengenezo; baada ya mwaka mmoja kadi hizo zitamwambia ni mtengenezaji gani wa kurudiwa.

5. Sampuli na mkataba

Kisiagizwe kitu kwa picha tupu. Mtengenezaji ashone gauni moja la sampuli. Likikubaliwa, litiwe saini na pande zote mbili kwenye kitambulisho kilichoshonewa ndani, na libaki mikononi mwa chama. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda anayenunua kwa sampuli: mzigo wote lazima ulingane na sampuli, na mnunuzi apewe nafasi ya kutosha ya kulinganisha. Chama kisicho na sampuli kimejinyima ulinzi huo.

Mkataba uandikwe, hata kama mtengenezaji ni jirani au ndugu. Utaje idadi, aina ya kitambaa na bitana, vipimo, bei, tarehe ya kufikisha, na nani atagharimia marekebisho. Malipo yagawanywe: sehemu moja siku ya kuagiza, sehemu ya pili kazi ikionekana, na ya mwisho baada ya ukaguzi. Tarehe ya kufikisha iwe wiki sita kabla ya harusi ya kwanza. Na iwapo fedha ni za mkopo, Bodi ihakikishe kuwa haivuki ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu.

6. Kupokea mzigo na kutunza uhusiano

Mzigo ukifika, kila gauni lipimwe kwa futi kamba na kulinganishwa na sampuli kabla hati ya mapokezi haijatiwa saini. Kasoro ziandikwe siku hiyo hiyo na mtengenezaji ajulishwe kwa maandishi.

Lakini haki ni ya pande mbili. Chama kinachobadilisha mtindo kazi ikiwa mezani, au kinachochelewesha malipo ya mwisho, kisishangae kikiwekwa nyuma ya wateja wengine Desemba ikifika. Fundi mzuri aliyelipwa kwa wakati ndiye atakayekesha na gauni la chama usiku wa kuamkia harusi. Huyo ni mali ya chama, ingawa haandikwi katika mizania.

Maswali ya majadiliano

1. Je, chama chenu kina daftari la watengenezaji na sifa zao, au kila Bodi mpya huanza upya?
2. Ni magauni mangapi dukani ambayo hayajarudisha gharama zake? Sababu ni nini?
3. Kama mzigo mbovu ungefika leo, ni karatasi gani ambayo Katibu angeweza kuionyesha?